Mtoto wa Nani? Ofisi za Wabunge Ziwafungulie Wanafunzi Mlango

Leo nimeishika kalamu ili niandike juu ya swali moja fupi. Nimeulizwa swali hilo mara moja tu, lakini mpaka sasa limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Swali lenyewe ni hili: "Kwani wewe ni mtoto wa nani?"

Ilikuwa likizo ya Aprili. Mimi na nyanya tulidamka tukaenda ofisi ya mbunge kupeleka fomu ya basari. Sitataja ni ya eneobunge gani, kwa sababu nia yangu si kumchoma mtu, na kwa yale ninayosikia kwa wenzangu, mambo ni yale yale kwingi. Watu hudhani kwamba sisi wa shule za kutwa hatulipi kitu. Ni kweli serikali hutoa pesa za masomo, lakini kuna za chakula cha mchana, kuna za mitihani, na ukizikosa utajikuta njiani kurudi nyumbani saa nne asubuhi huku wenzako wanafanya Hesabu. Basi tulifika saa mbili kasorobo. Foleni ilikuwa imekwisha kupinda kona.

Mbele yetu alikuwapo mzee mmoja mwenye kofia. Alinigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, hapa pameandikwa nini?" Fomu ilikuwa ya Kiingereza kitupu, na hapo alipoweka kidole palitakiwa jina la benki ya shule na nambari ya akaunti. Hakuwa nayo. Nikamwonyesha ilipo kwenye barua ya shule aliyokuwa ameikunja mfukoni. Nikamjazia. Mama aliyekuwa nyuma yetu akaona, naye akaniletea yake. Mara nikawa nimeketi juu ya jiwe, biro mkononi, na watu wamenizunguka kama daktari wa kliniki. Kufikia saa saba nilikuwa nimejaza fomu 14. Na niliona jambo la ajabu: karibu wote walikosea mahali pale pale. Ama hawakuwa na muhuri wa chifu, ama nambari ya akaunti ya shule, ama nakala ya kitambulisho cha mzazi. Mama mmoja alikuwa amerudishwa mara tatu. Nauli yake ya kuja na kurudi ni shilingi 200. Hebu piga hesabu, msomaji: amekwisha tumia shilingi 600 akitafuta basari ambayo mwaka uliotangulia alipewa shilingi 3,000.

Ndani ya ofisi mlikuwa na vijana wawili, wanagenzi, wamevaa beji shingoni. Nisiwasingizie, hawakuwa watu wabaya. Mmoja alimletea nyanya maji ya kunywa. Lakini kazi yao ilikuwa kupokea fomu na kuziweka juu ya lundo, halafu wanarudi kwa simu zao. Hakuna aliyewaagiza watoke nje kuuliza foleni ile ina shida gani. Zamu yetu ilipofika, nilijikaza nikamuuliza bwana aliyekuwa mezani: "Samahani, mkubwa, sisi wanafunzi tunaweza kuja kusaidia hapa wakati wa likizo? Mimi naweza kuandika kwa Kiswahili orodha ya vitu vinavyotakiwa, ibandikwe mlangoni." Akaniangalia. Akaangalia sweta yangu ya shule. Akamwangalia nyanya na leso yake. Ndipo akauliza, "Kwani wewe ni mtoto wa nani?"

Hakuniuliza jina wala niko kidato gani. Hata kama najua kuandika hakuniuliza. Mimi nilinyamaza kama maji ya mtungini, lakini nyanya hakunyamaza. Alisema, "Ni wangu." Watu wakacheka, yule bwana naye akacheka, na mazungumzo yakaishia hapo.

Maoni yangu, ambayo naomba kila msomaji ayapime, ni haya: kila ofisi ya mbunge katika nchi yetu iwe na nafasi za uanagenzi kwa wanafunzi wa sekondari na kwa waliomaliza kidato cha nne, na nafasi hizo zitangazwe wazi, zigombaniwe kwa haki, na zisigawiwe kwa kuulizana mtoto wa nani.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mhunzi hamwachi mwanawe akae mbali na moto mpaka awe mtu mzima, kisha siku moja amkabidhi nyundo. Humweka karibu, avukute, aone chuma kinavyokuwa chekundu. Sisi tunafanyaje? Katika somo la Historia na Serikali tunakariri kazi za mbunge: kuwakilisha watu, kutunga sheria, kujadili matumizi ya pesa za umma, kuisimamia serikali. Tunaandika moja, mbili, tatu, tunapata alama. Lakini mwulize mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu mswada hupita wapi kabla haujawa sheria, au mwananchi akitaka kulalamikia daraja lililobomoka aandike barua kwa nani. Atakodoa macho. Kitabu tumekimeza, moto hatujauona.

Tena mimi nina sababu yangu ya pekee. Nilizaliwa mwaka 2010, mwaka ule ule ambao Katiba yetu ilizinduliwa, tarehe 27 Agosti. Mimi na Katiba ni rika moja. Hata hivyo uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 utanikuta na miaka 17, kwa hivyo sitapiga kura. Kura yangu ya kwanza itakuwa mwaka 2032, nikiwa na miaka 22. Yaani mbunge atakayechaguliwa mwaka 2027 ataamua mambo ya masomo yangu, ya hospitali ya nyanya na ya barabara yetu kwa miaka mitano mizima bila mimi kumpa hata kura moja. Katiba yenyewe, kifungu cha 260, inasema kijana ni mtu aliyefika miaka 18 na hajafika 35. Sisi wa miaka 16 bado ni watoto. Sawa, nakubali. Lakini kifungu cha 119 kinasema kila mtu ana haki ya kuwasilisha ombi bungeni. Hakikusema kila mpiga kura. Kimesema kila mtu. Na kifungu cha 118 kinalitaka Bunge lifanye kazi zake kwa uwazi na kuuwezesha umma kushiriki. Sasa, mwanafunzi atashirikije katika jambo ambalo hajawahi kulisogelea?

Huenda mtu akasema kwamba vijana tayari wamejifunza siasa bila kufundishwa. Mwaka 2024 sote tuliona. Mswada wa Fedha ulipoletwa, vijana waliusoma, wakaueleza kwa Kiswahili na kwa lugha za mama katika simu zao, hata nyanya yangu akajua mkate ulikuwa unataka kutozwa kodi. Tarehe 25 Juni wakaingia mpaka ndani ya majengo ya Bunge, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Lakini msomaji, kumbuka pia kwamba kuna waliokufa siku ile. Mimi najiuliza: kama mlango wa ofisi ya mbunge kule mashinani ungekuwa wazi tangu mwanzo, na maoni yale yakapokewa mezani na kuandikwa na kupelekwa, je, ingelazimu mtu aruke ua? Sisemi kwamba uanagenzi ungezuia yote. Nasema tu kwamba mtu aliyezoea kuingia kwa mlango hatafuti dirisha.

Aidha, ofisi zenyewe zingefaidika. Na hapa ndipo Chama chetu cha Kiswahili kinapoingia. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ndicho lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kiswahili kimesikika bungeni tangu mwaka 1974. Lakini shuka uje mashinani, ofisini kwa mtu yule yule anayesema Kiswahili kitamu bungeni, utakuta fomu ni ya Kiingereza, tangazo ni la Kiingereza, na barua ya kukataliwa ni ya Kiingereza. Mzee wa kofia atafanya nini? Wanafunzi wanaosoma insha, ufupisho na tafsiri kila wiki ndio hasa wanaohitajika pale. Tunaweza kuandika tangazo likaeleweka. Tunaweza kumsomea mtu fomu bila kumcheka. Tunaweza kuandika maswali ya watu kwenye daftari ili jioni meneja aone kwamba watu 40 wameuliza jambo moja, na kesho yake alibandike jibu ukutani. Hiyo si kazi ya digrii. Ni kazi ya mtu mwenye macho na subira.

Haya, tuangalie hesabu. Nchi yetu ina maeneobunge 290. Kama kila ofisi ingechukua wanafunzi wanne tu kila likizo, na likizo ni tatu kwa mwaka, hao ni 12 kwa kila eneobunge. Kwa nchi nzima ni wanafunzi 3,480 kila mwaka. Hapo sijawahesabu wawakilishi wa kike wa kaunti 47 wala wawakilishi wa wadi 1,450, ambao ofisi zao ndizo zilizo karibu zaidi na sisi tunaotembea kwa miguu.

Jambo hili si ndoto ya mchana. Katika Seneti ya Marekani, wanafunzi wa miaka 16 na 17, rika langu hasa, huajiriwa kama matarishi wa ukumbini. Hupeleka karatasi, huandaa ukumbi kabla ya kikao, na huendelea na masomo yao. Desturi hiyo ilianza mwaka 1829. Lakini nisiisifu mno, maana nayo ina mafunzo yake. Wasichana walikubaliwa mwaka 1971 tu, baada ya zaidi ya miaka 140. Na katika ofisi za wabunge wa huko, wanagenzi wengi walifanya kazi bila malipo kwa miaka mingi, hadi mwaka 2018 Bunge lao lilipotenga pesa maalumu za kuwalipa. Unaona jambo lenyewe? Kazi isipolipwa hata nauli, anayeiweza ni yule ambaye baba yake analipa. Tukiiga, tuige tukiwa macho. Tusichukue mpango pamoja na kasoro zake.

Sasa nije kwa wanaonipinga. Niliposoma maoni haya mbele ya chama chetu, sikupigiwa makofi na wote. Mwenzangu mmoja alisimama akasema, "Dada, hao watatutuma chai." Wote wakacheka, lakini hoja yake ni nzito. Mwaka 2024 tuliwaona walimu wanagenzi wa sekondari ya msingi wakigoma na kuandamana, wakisema wanafanya kazi ya mwalimu kamili kwa malipo ya mwanafunzi. Jina "mwanagenzi" linaweza kuwa blanketi la kufunikia kibarua cha bei rahisi. Ndiyo maana nasema muda uwe mfupi. Kwa sisi tulio shuleni uwe wiki mbili za likizo, na kwa waliomaliza kidato cha nne miezi mitatu, maana wao hukaa nyumbani tangu Novemba hadi mwaka unaofuata wakingoja vyuo. Nauli na chakula cha mchana vitolewe. Na mwanafunzi aandikiwe kazi zake kwenye karatasi siku ya kwanza. Chai sikatai kumpikia mtu mzima, hata nyumbani napika. Lakini nikitoka pale nikiwa nimejifunza chai peke yake, basi nimeibiwa likizo yangu.

Mwalimu mmoja naye alituuliza swali lililonifanya nikune kichwa. Alisema, "Na uchaguzi ukikaribia? Hamtageuzwa kuwa vijana wa kampeni, mkavishwa fulana na kupandishwa lori?" Hofu hii ni ya kweli, maana 2027 haiko mbali. Jibu langu ni kwamba mpango huu usimame wakati wote wa kampeni, na hata wakati wa kawaida mwanafunzi asipelekwe kwenye mkutano wa siasa, asigawe fulana wala unga, asiandike jambo la chama chochote. Ofisi ya mbunge hulipiwa na umma, pamoja na wale waliomnyima mbunge kura. Mwanagenzi ni wa ofisi, si wa mwenye ofisi. Mbunge atakayeshindwa kutofautisha mambo haya mawili asipewe wanafunzi.

Kuna hoja ya tatu ambayo wavulana hawakuitaja, lakini sisi wasichana tuliinong'ona tukienda nyumbani. Ni hoja ya usalama. Msichana wa miaka 16 peke yake katika ofisi ya wakubwa, jioni, mtu anamwambia abaki kidogo amalizie kazi. Sitaki kupaka rangi jambo hili. Katiba, kifungu cha 53, inataka kila mtoto alindwe dhidi ya dhuluma na kazi za kumnyonya. Kwa hivyo wanafunzi wasiende mmoja mmoja, waende wawili wawili au wanne. Kazi iishe saa kumi alasiri. Mzazi atie sahihi, na mwalimu mmoja wa shule awe na haki ya kuingia ofisini siku yoyote bila kubisha hodi. Ofisi isiyotaka mwalimu aingie, basi hata sisi hatuitaki.

La mwisho ni masomo. Sisi tulio kidato cha tatu ni mkia wa mfumo wa 8-4-4, kwani KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023 nasi tulikuwa humo. Wazazi wanaogopa, na haki yao waogope. Lakini wadogo zetu walio katika mtaala mpya wanafundishwa huduma kwa jamii kama sehemu ya masomo yao. Kama wao wataenda kuitumikia jamii na kupewa alama, mbona sisi tuonekane tunapoteza wakati? Wiki mbili hazimwangushi mwanafunzi. Kinachotuangusha ni siku tunazokaa nyumbani kwa kukosa karo huku fomu zetu zimelala kwenye lundo, hazina muhuri.

Na jinsi ya kuchagua? Hapa ndipo kwenye kiini cha maneno yangu. Tangazo libandikwe katika kila shule ya sekondari ya eneobunge, za bweni na za kutwa, na katika ofisi ya kila chifu. Mwanafunzi aandike barua moja, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, aeleze tatizo moja la mtaani kwake na vile angetaka lishughulikiwe. Barua zisomwe bila majina. Nusu wawe wasichana, nusu wavulana, na wenye ulemavu wasisahauliwe. Kisha majina ya waliochaguliwa yabandikwe pale pale lilipobandikwa tangazo, pamoja na shule zao, ili kila mtu aone. Mtoto wa mkubwa pia aandike, simkatazi, huenda akawa na akili kutushinda. Lakini barua yake isomwe kama yangu.

Naona karatasi inaniishia. Labda unataka kujua, msomaji, kama basari niliipata. Sikuipata. Orodha ilipotoka jina langu halikuwamo. La yule mama wa mara tatu lilikuwamo, nikafurahi kwa ajili yake, ingawa furaha yenyewe ilikuwa na chumvi kidogo. Wapo watakaosema kwamba naandika kwa uchungu. Labda. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na uchungu wa foleni aujuaye ni aliyeipanga. Pesa za maeneobunge zilianza kutolewa mwaka 2003, kabla sijazaliwa, na zimebishaniwa mpaka mahakamani. Mambo ya korti nawaachia mawakili. Hata zikibadilishwa jina au zikapitia mkono mwingine, foleni itakuwapo, na mzee wa kofia atakuwamo.

Kuna jambo moja ambalo hatukungoja ruhusa. Shule zilipofunguliwa, Chama cha Kiswahili kilinunua karatasi ya manila, tukaandika kwa herufi kubwa vitu vyote vinavyotakiwa kwenye fomu ya basari, kimoja kimoja, kwa Kiswahili chepesi. Tuliibandika kwenye ubao wa matangazo karibu na lango, mahali ambapo hata mzazi aliyekuja kulipa pesa za chakula anaweza kuisoma. Muhula huo hakuna fomu hata moja ya darasa letu iliyorudishwa kwa kukosa muhuri. Karatasi ile ilitugharimu shilingi 30.

Kwa hivyo, waheshimiwa wabunge, kama jarida hili litawafikia, sisi hatuombi viti vyenu. Tunaomba benchi moja dogo karibu na mlango. Na siku mtakapoona msichana wa sweta ya shule amesimama mbele ya meza zenu na biro mkononi, msimuulize ni mtoto wa nani. Ni wenu.